Siku tatu Porto: mambo ya kuzingatia kabla hujapanda ndege

Porto, kaskazini mwa Ureno, ni mji wa vilima. Mto Douro unapita chini kabisa, umekaribia kuingia Atlantiki, na mji wenyewe umeupanda ukingo wa kaskazini kwa ngazi, vichochoro na barabara za mawe. Ramani ya simu itakwambia kwamba kutoka Ribeira, pale mtoni, hadi kituo cha reli cha São Bento ni mwendo wa dakika chache. Haikwambii kwamba ni mlima. Kwa mtu mwenye siku tatu tu, maandalizi yenye maana yanahusu miguu na mahali pa kulala kuliko orodha ya vivutio. Mji mkongwe uliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1996. Cha kutazama hutakikosa hata usipopanga.

Viza kwanza, kwa kuwa ndiyo inayokula miezi. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, Ureno ikiwemo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Hizo siku 15 zisahau. Miadi ya kupeleka fomu hujaa mapema, hasa kuelekea majira ya joto. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000 na ifanye kazi nchi zote za Schengen. Pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu zaidi ya siku utakayoondoka huko, na kurasa mbili tupu. Kama unazunguka nchi kadhaa, ombi linakwenda kwa ile utakayokaa siku nyingi; zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza.

Walioko Uingereza wasijidanganye: kibali cha ukaazi cha huko hakifungui mlango wa Ureno. Aliye na kibali cha Ujerumani au Uholanzi anaingia nacho pamoja na pasipoti yake, basi. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza mfumo mpya wa kuchukua picha ya uso na alama za vidole za wageni, na foleni unaikuta pale unapoingia mara ya kwanza. Ukibadilisha ndege Lisbon au Frankfurt, usikate tiketi yenye mapumziko ya saa moja.

Tarehe nayo ina uzito. Kuanzia Novemba hadi Februari mvua za Atlantiki hazina simile, na Desemba jua linazama mara tu baada ya saa kumi na moja jioni. Juni jua lipo hadi baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo siku tatu za Juni ni ndefu kweli kuliko siku tatu za Desemba. Mimi ningechagua Mei au Septemba. Usiku wa tarehe 23 Juni ni sikukuu ya São João: mji mzima uko barabarani, dagaa wakubwa wanachomwa kila kona, watu wanagongana vichwani kwa nyundo za plastiki, na saa sita usiku fataki zinapasuka juu ya mto. Asiyependa msongamano akae mbali na tarehe hiyo. Anayeitaka aweke chumba mapema sana.

Kuhusu chumba, swali la kujiuliza ni juu au chini. Ribeira inapendeza kwenye picha, lakini kila ukitoka utapanda, na usiku kuna kelele. Maeneo ya Trindade, Aliados na Batalha yako juu, karibu na metro (treni za mjini), na mtoni unateremka ukiwa bado una nguvu. Muulize mwenye nyumba kama kuna lifti. Majengo mengi ya zamani hayana, na sanduku la kilo 23 kwenye ngazi nyembamba ya ghorofa nne ni adhabu. Bajeti yako iongeze ushuru wa utalii wa manispaa, euro 3 kwa mtu kwa usiku. Viatu viwe vya soli inayoshika. Yale mawe madogo ya njiani yakilowa yanateleza.

Siku ipange kwa mwinuko. Daraja la Dom Luís I lina sakafu mbili: ya juu ya metro na waenda kwa miguu, ya chini ya magari na watembea. Vuka kwa juu hadi Vila Nova de Gaia, teremka hadi ukingoni, rudi kwa sakafu ya chini uingie Ribeira, kisha panda kwa reli ya kamba ya Guindais hadi Batalha, baada ya kuhakikisha siku hiyo inafanya kazi. Umemaliza duara zima na mlima umepandishwa. (Wengi husema daraja hilo ni la Eiffel, yule mhandisi wa mnara wa Paris. Ni la Théophile Seyrig, aliyewahi kuwa mshirika wake, na lilifunguliwa 1886. La Eiffel ni Maria Pia la 1877, juu kidogo mtoni.)

Tiketi za kununua mapema si nyingi. Duka la vitabu la Lello, la 1906, linaingiwa kwa tiketi ya muda maalumu, na bei yake hukatwa kwenye kitabu ukinunua. Palácio da Bolsa, jengo la zamani la soko la hisa, unaliingia ukiwa na mtembeza wageni tu. Ndani yake kuna Ukumbi wa Kiarabu, uliojengwa karne ya 19 kwa kuiga Alhambra, kasri la Waislamu huko Hispania, wenye nakshi za dhahabu ambazo mtu wa pwani atazitazama kwa jicho lake mwenyewe. Vigae vya bluu vya São Bento, kama 20,000, unavitazama bure. Mtu wa Mombasa au Malindi apitie pia Casa do Infante, yaani Nyumba ya Mwana Mfalme: mwana mfalme Henrique, aliyezaliwa Porto 1394, ndiye aliyeanzisha zile safari zilizokuja kumfikisha Vasco da Gama kwetu 1498. Ziara ya bonde la Douro inakula siku nzima. Kwa siku tatu ningeiacha.

Asiyekula nguruwe asome menyu vizuri. Francesinha, sandwichi maarufu ya mji, ina nyama ya nguruwe (ham) na soseji ndani na mchuzi wa bia juu. Caldo verde inafanana na sukuma wiki iliyokatwa nyembamba ndani ya uji wa viazi, ila huwekewa kipande cha soseji ya nguruwe, omba bila. Samaki na pweza hawana shaka. Mkate na zeituni zinazoletwa mezani kabla hujaagiza hulipiwa ukizigusa. Zikatae bila aibu.

Kadi ya benki ifunguliwe kwa matumizi ya nje kabla ya kuondoka. Toa pesa kwenye mashine za Multibanco, na mashine ikiuliza, chagua kukatwa kwa euro. Adapta ni ya pini mbili za duara. Kwenye metro kila mtu awe na kadi yake ya nauli, iitwayo Andante, na aigusishe kwenye mashine kabla ya kupanda. Vituoni hakuna geti la kukuzuia, lakini faini ipo. Mstari E, wa zambarau, unatoka uwanja wa ndege hadi Trindade kwa nusu saa hivi. Unaanza saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo mwenye ndege ya alfajiri apange teksi. Bolt ile ile ya Nairobi na Dar inafanya kazi Porto.