Mfundishe kusema "sijaziweza"
Jamani wazazi na walezi, kijana wako wa fomu two akirudi na mtihani wa hesabu kapata 23 kwa 100 halafu anajisemea "mimi hesabu siziwezi, kichwa changu kizito", usikimbilie kumwambia wewe una akili sana, hatakuamini maana karatasi anayo mkononi. Mwambie abadilishe kidogo tu, badala ya siziwezi aseme sijaziweza, hiyo -ja- ndo dawa yenyewe, yaani bado yuko njiani. Kisha kaa naye mchague swali moja alilokosa mlirudie polepole mpaka litoke, na aseme kwa sauti "hili nimeliweza". Na wewe ukiunguza wali usijiite mjinga mbele yake, anasikia.