Safisheni mtaro Februari, si Machi

Masika ya Dar es Salaam huanza Machi. Ukingoja wingu ndipo utafute koleo, umechelewa. Na vuli usiidharau: watu wa bonde la Jangwani walipopanda juu ya mapaa mwaka 2011, ilikuwa Desemba.

Gata za paa zitoe majani. Maji yake yaelekee kwenye simtanki au bustanini, siyo mlangoni kwa jirani.

Ua usiupige zege wote. Acha udongo na nyasi, maji yapate pa kuzama.

Oili chafu ya gari weka kwenye dumu. Ukiimwaga chini, mvua inaisomba hadi Mto Msimbazi, na Msimbazi unaishia baharini pale daraja la Salenda.

Sasa mtaro. Mwaka juzi tulitoka Jumamosi, majirani wanane, na makoleo na magambuti. Tukatoa chupa, pampasi, hata godoro. Saa tano sakafu ya mtaro ikaonekana, watoto wetu hawajawahi kuiona. Tope lote tukalirundika ukingoni likauke. Mzee mmoja akapita: "Wanangu, hilo rundo mnamwachia nani?" Tukamjibu, kirikuu kinakuja, mzee. Hakikuja, maana hela yake haikuchangwa. Soda zilikwisha na kila mtu akaenda kwake. Usiku wa nne ikanyesha. Tope likarudi lilikotoka, safari hii limeshalainishwa, likaenda moja kwa moja kuziba karavati la barabarani ambalo mwanzo lilikuwa linapitisha japo kidogo. Tulijiziba wenyewe! Maji yakafika usawa wa kitanda, na mwenye nyumba mmoja wa juu yetu akaona ndiyo nafasi ya kutapisha choo chake. Tangi letu la chini likaingiwa. Tulilimwaga lote, tukalisugua kwa klorini, na bado wiki nzima mke wangu hakutaka kupikia maji yake.

Kwa hiyo hela ya gari ichangwe kabla koleo halijaguswa, na tope liondoke siku ileile. Gari likikosekana, lijazeni kwenye viroba, mvipeleke mbali na ukingo. Anzeni kwenye karavati mkipanda juu. Mkianzia juu mnamsukumia taka wa chini.

Mdomo wa tangi la chini ujengewe tofali, upite usawa wa ua.

Kuhusu vyoo, muoneni mwenyekiti wa mtaa mapema, mvua ikianza hakuna wa kumkamata. Gari la majitaka linyonye shimo wakati barabara bado kavu, kwako kwanza kabla hujamnyooshea mwenzako kidole.

Vyeti viwe kwenye nailoni juu ya kabati. Umeme zima kabla maji hayajafika soketi. Maji ya kunywa chemsha, hata yakionekana meupe. Watoto wasicheze kwenye maji ya barabarani, na wewe mtu mzima usiyavuke kwa kuwa yamefika magotini tu: mifuniko ya chemba huibwa, na shimo lililojaa maji halionekani.