Somo: Kukatisha mlango wa Kilindini kwa kayaki, meli kubwa zikipita

Mlango wa Kilindini ni njia ya maji ambayo meli huingilia bandari ya Mombasa. Swali la "ndugu, naweza kukatisha kutoka upande wa Mama Ngina hadi Likoni?" nimelijibu mara nyingi mno. Jibu lote liko hapa. Somo hili ni la mlangoni tu. Kwenye magati na upande wa jeshi la majini Mtongwe, usisogee.

1. Jaketi okozi lifungwe vifungo vyote, filimbi iwe juu ya jaketi. Usiku, tochi yenye mwanga mweupe iwe karibu na mkono.

2. Vuka maji yakiwa yamesimama, kati ya kujaa na kupwa. Siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yote ya Kilindini na ya hori ya Port Reitz hupitia hapo hapo. Mkondo huwa mkali zaidi saa ya tatu na ya nne tangu maji yageuke. Maji mafu, ya siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo, yana nafuu.

3. Piga hesabu kabla ya kuingia. Kayaki ya mwendo wa kawaida huenda mafundo 3, kama kilomita 5 na nusu kwa saa. Maji ya mita 400 yatakuchukua dakika 4 na ushei. Meli ya mafundo 10 kwa muda huo imekata zaidi ya mita 1,300. Kwa hiyo meli uliyoiona "bado iko mbali" pale mlangoni ndiyo utakayokutana nayo katikati. Ukiiona, ngoja ipite.

4. Vuka kwa mkato mfupi kabisa. Mkiwa kikundi, nendeni sambamba, ubavu kwa ubavu. Mkifuatana kama siafu mnauziba mlango muda mrefu zaidi.

5. Itazame meli ukiilinganisha na kitu kisichosogea nyuma yake, kama mnazi au jengo la ng'ambo. Ikiupita mnazi kuelekea inakokwenda, itapita mbele yako. Ikionekana kuachwa nyuma na mnazi, itapita nyuma yako. Ikiganda pale pale huku inazidi kuwa kubwa, mnaelekea kugongana: geuka sasa hivi, na geuka sana ili hata wao waone umegeuka. Usiku, ukiona taa nyekundu na ya kijani kwa pamoja, imekuelekea wewe.

6. Ngojea kando ya mlango, ila si ufuoni. Hatua hii niliwahi kuikosea, isomeni mara mbili. Meli nzito ikipita maji membamba, maji ya kandoni hukimbia kujaza nafasi inayoachwa na mwili wake. Ukiwa umesimamisha kayaki kwenye maji ya magotini utaona yanakupwa ghafla: mawe yanatokeza, kayaki inalala ubavu. USISHUKE kuivuta. Baada ya muda mfupi maji yanarudi kwa kishindo na kuibeba kayaki hadi juu ya mawe, na aliyesimama kati ya kayaki na ufuo ndiye anayevunjwa mguu. Ama ipandishe nchi kavu, juu ya alama ya maji makuu, ama kaa penye kina nje ya maboya ya njia ya meli, omo (pua ya kayaki) ikielekea mawimbi. Ukuta wa mawe pia ukae nao mbali, maana wimbi likiupiga hurudi na kukutana na linalokuja, na hapo kayaki haina pa kushika. Meli ikishapita usikimbilie nyuma yake. Povu la propela litulie kwanza, kisha hakikisha hakuna tagi (chombo kidogo cha kuvuta meli) wala meli ya pili.

MASWALI

Kasia Moja: Naogelea vizuri na jaketi lanibana. Lazima?

Lazima. Hatua ya 1.

Kijana wa Ganjoni: Kayaki yangu ni ya rangi ya chungwa, nahodha hawezi kukosa kuiona. Si atapunguza tu?

Kanuni za kimataifa zinaruhusu maji yaliyofichika mbele ya omo yafike urefu wa meli mara mbili au mita 500, kile kilicho kifupi. Meli ya mita 200 inaweza kuwa na mita 400 ambazo nahodha hazioni kabisa. Na akipunguza mno usukani haushiki tena, ataishia miambani. Kisheria chombo chini ya mita 20 hakitakiwi kuizuia meli isiyoweza kutoka nje ya mlango. Wa kupisha ni wewe.

Kasia Moja: Kati ya tagi na meli kuna nafasi kubwa, nikipita upesi?

Hapana. Kuna kamba humo. Ikilegea huioni, ikikazwa hutoka majini kama upinde.

Binti wa Mtwapa: Shikamoo mwalimu. Honi zao zina maana, au ni kelele tu?

Marahaba binti, swali zuri sana. Mlio mfupi, wa kama sekunde moja: nageukia kulia. Miwili: nageukia kushoto. Mitatu: injini inarudi nyuma, na hiyo haimaanishi imesimama. Mitano au zaidi: sielewi unafanya nini, kuna hatari. Ukisikia mitano angalia kama anayeambiwa ni wewe, na ufanye kama ni wewe. Nikuongezee moja ya hapa kwetu: itazame feri ya Likoni. Feri huzipisha meli, kwa hiyo ikijaa watu na isiondoke, au ikisita majini, tazama baharini na bandarini kabla ya kutia kasia. Feri yenyewe usikisie inakoelekea kwa umbo, ina mlango wa magari pande zote mbili.

Mvuvi wa Tudor: Zile programu za simu zinazoonyesha meli je?

Nzuri za kupangia safari ukiwa nyumbani. Picha huweza kuchelewa dakika kadhaa, na jahazi nyingi hazionekani humo kabisa.

Mvuvi wa Tudor: Basi na mimi nichangie. Upo, yaani chombo cha kutolea maji ndani ya kayaki, msinunue. Kateni jerikani ya lita 3 kwa mshazari, mshikio ubaki, mfuniko ukazwe, na mfunge kwa kamba ndani ya kayaki.

Kamba iwe fupi, mzee wangu, isije ikamnasa mtu mguuni akipinduka.