Barua ya mwajiri ndiyo inayobeba faili la EB-2

Hapa steshenari kwangu, Ngamiani, Tanga, wahandisi na madaktari huja kupanga faili la viza ya kazi ya Marekani, daraja la EB-2, kwa wenye uwezo wa kipekee. Wengi hukumbatia cheti cha chuo. Hicho ni kigezo kimoja. Vipo 6, nawe utimize angalau 3, kisha afisa apime faili zima.

Anza na barua za waajiri, ndizo zinazosumbua. Zithibitishe miaka 10 au zaidi ya kazi ya muda wote katika fani yako. Barua zetu hupenda "ni mchapakazi, mwaminifu, tunamtakia kila la heri." Ndugu yangu, hiyo haikufikishi popote. Mwombe bosi aandike tarehe ya kuanza na ya kuacha, majukumu yako hasa, kisha jina lake, cheo, anwani na sahihi. Muhuri ukififia, ugongwe upya.

Mhandisi alete usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Uanachama wa chama cha taaluma nao unahesabika. Mshahara mnono uambatanishe na viwango vya wenzako wa fani. Peke yake ni tarakimu tu. Barua za kukutambua ziseme umechangia nini, siyo sifa za harusini.

Chochote cha Kiswahili kitafsiriwe chote kwa Kiingereza, hadi maneno ya kwenye muhuri, na mtafsiri athibitishe kwa maandishi kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba ana uwezo wa kuifanya.