SOMO: Kusafisha kizimba cha taka kwenye kituo cha wazee

Inzi wakizidi nyuma ya jiko, wengi tunakimbilia kumwaga Jiki. Juu ya uchafu Jiki haina nguvu. Uchafu unaimaliza kabla haijafika kwa vijidudu. Fuateni mpangilio huu, hasa sisi wa Kigoma-Ujiji kabla mvua hazijakolea.

1. Vaa gambuti, aproni na glovu nene. Toa mapipa yote nje, usifagie kwa kuyazunguka. Ukikuta sindano, ichukue kwa koleo uitie kwenye kisanduku chake. Mkono usiiguse, hata wenye glovu.

2. Mafuta. Mawese ndiyo yanayotutesa huku: pipa likivuja, sakafu inabaki na utando mwekundu unaoteleza na kunasa kila vumbi. Mwagia majivu makavu, yaache yanywe mafuta, kisha zoa. Ukianza na maji umeyatandaza tu, na kesho mtu ataanguka hapo.

3. Sugua kwa maji ya sabuni na brashi yenye mpini, ukianzia ukutani kwenda kwenye tundu la maji. Suuza.

4. Sasa ndiyo Jiki. Ile yenye klorini 3.5%, kikombe 1 kwa maji vikombe 6. Iache dakika 10, suuza. Maji hayo yaende shimo la maji machafu, siyo mtaro wa mvua. Mitaro yetu inateremkia ziwani.

5. Mapipa yalale mdomo chini juani mpaka yakauke. Lisilo na kifuniko, badilisheni.

MASWALI

– Dada, kwetu gari la taka hupita mara moja kwa wiki. Tufanyeje?
Hapo ndipo inzi wanapokuwahi, kaka. Kwenye joto, yai linaweza kuwa inzi kamili kwa siku 7 hadi 10. Matumbo ya samaki, kama migebuka wetu, yafukieni siku hiyohiyo, shimo refu. Maganda ya ndizi na mihogo yawekeni shimo la mboji, kila tabaka lifunikwe udongo. Gari libaki na taka kavu.

– Pampasi za wazee zinanuka mkojo, nizimwagie Jiki?
Hapana! Jiki ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma kifua. Zifunge kwenye mfuko, uweke kwenye pipa lake lenye kifuniko.

– Shikamoo dada. Si tuzichome tu hapo nyuma?
Marahaba. Pampasi ni plastiki, mdogo wangu, na moshi wake unaingia moja kwa moja kwenye madirisha ya wazee. Ulizeni hospitali ya jirani kama kichomea taka chao kinapokea za nje.