Somo: Kabla hujamfuta mtu kazi, mwite umsikilize

Mabati yaliibwa kweli. Hilo hakuna aliyelibisha. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mteja wangu hapa Mombasa, alimkuta kijana wake wa stoo akipakia mabati kwenye tuktuk bila risiti. Akamfukuza pale pale mbele ya wateja, na mshahara wa mwezi ule akauzuia. Miaka miwili ikapita, kisha akaletewa karatasi za mahakama. Alipokuja kwangu alikuwa na picha za kamera na dereva wa tuktuk aliye tayari kutoa ushahidi. Alichokosa ni karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba yule kijana aliitwa akasikilizwa. Akashindwa kesi, akamlipa mishahara ya miezi kadhaa mtu yule yule aliyemwibia. Mpaka leo akiniona ananiuliza, "Mwalimu, haki iko wapi?"

Iko kwenye kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007. Sheria haikukatazi kumfuta mwizi. Inakudai vitu viwili kwa pamoja: sababu ya kweli na utaratibu wa haki. Waajiri wengi ninaokutana nao sababu wanayo, utaratibu ndio unaowaponza, na fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 12. Leo nasomesha makosa ya nidhamu peke yake. Kupunguza watu kwa sababu biashara imelala kuna njia yake, kifungu cha 40, nayo si hii.

Hatua ya kwanza: kusanya ushahidi ukiwa umenyamaza

Siku ya tukio usiseme lolote kuhusu kufuta mtu. Chukua kitabu cha stoo, nakala za risiti, daftari la geti. Picha za kamera zitoe uziweke kando mara moja, maana mashine nyingi hujifuta zenyewe baada ya siku chache. Kila aliyeona aandike kwa mkono wake, aweke tarehe na sahihi. Usimwandikie wewe halafu umwambie atie sahihi tu. Wakili wa upande wa pili atayaona maneno yako kwenye vinywa vya watu watatu tofauti.

Na usimfungie mtu ofisini mpaka akiri. Ungamo la namna hiyo halikusaidii, na laweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Hatua ya pili: kumsimamisha kwa muda, kama kuna haja

Si lazima. Inafaa pale ambapo akibaki anaweza kuharibu ushahidi au kuwatisha mashahidi. Mpe barua, taja muda, na kama mkataba wake hausemi vingine, endelea kumlipa. Barua iseme wazi kwamba hii si adhabu.

Hatua ya tatu: barua ya kumtaka ajieleze

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoanguka. Barua inayosema "umekuwa na tabia mbaya na tumepoteza imani nawe" haina kitu ndani. Mtu atajibu nini? Andika hivi: "Tarehe 14, mwendo wa saa kumi jioni, kwenye mlango wa nyuma wa stoo, ulionekana ukipakia mabati manane ambayo hayana risiti." Siku, saa, mahali, kitu. Akisoma ajue anatuhumiwa nini hasa.

Kisha lugha. Kifungu cha 41 kinasema umweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoielewa. Nimeona barua za Kiingereza cha mawakili, kurasa tatu, zimekabidhiwa mzee anayelinda geti ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Halafu kikaoni anaulizwa kwa nini hakujibu! Kama Kiswahili ndicho anachokielewa, andika Kiswahili. Kama ni Kigiriama au Kidigo, msomee mbele ya mtu anayeijua lugha hiyo, na uandike chini ya barua nani alitafsiri na lini. Hii ni kazi ya dakika ishirini, na sijui kwa nini watu wanaikwepa.

Mpe muda wa kujibu. Sheria haikutaja saa. Mimi sishuki chini ya saa 48, na kama jambo lina hesabu ndefu natoa siku tano. Mwambie pia, kwa maandishi, kwamba ana haki ya kuja kikaoni na mfanyakazi mwenzake, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale kazini, atakayemchagua yeye. Usimchagulie.

Hatua ya nne: kikao

Kaeni watu watatu ikiwezekana. Aliyemkamata aje kama shahidi, asikae kwenye kiti cha hakimu. Najua kwenye biashara ndogo bosi ndiye aliyeona, ndiye mwenye duka na ndiye mweka hazina. Basi mwombe mtu wa nje aendeshe kikao: mhasibu wako au mwenye biashara jirani, mtu asiyekuwa na kinyongo.

Msomeeni tuhuma, aone ushahidi, ajibu, na yule aliyekuja naye aseme akitaka. Mmoja wenu aandike kila neno, hata yale yasiyowapendeza. Mwisho wote watie sahihi. Akikataa, andikeni kwamba amekataa.

Hatua ya tano: uamuzi

Usitoe siku ile ile. Barua ya kufuta kazi ikiwa na tarehe moja na kikao, na pengine saa moja baadaye, inaonyesha ilikuwa imeshachapwa kabla hajafungua mdomo. Lala nalo. Jiulize mwaka jana mwenzake aliyefanya kosa kama hili alipewa nini. Kama alipewa onyo, utahitaji maelezo mazuri kwa nini huyu anafutwa.

Ukiamua aende, andika sababu ile ile iliyokuwa kwenye barua ya kwanza. Usiongeze kosa jipya ambalo hakulijibu.

Hatua ya sita: malipo na cheti

Hata mwizi ana mshahara wa siku alizofanya kazi na likizo aliyoilimbikiza. Kama unamfuta kwa notisi na analipwa kwa mwezi, ni siku 28 au malipo yake. Mpe na cheti cha utumishi ikiwa amefanya kazi kwako kuanzia wiki nne. Cheti si barua ya kumsifu. Kinataja kazi aliyoifanya na tarehe za kuanza na kumaliza. Kukinyima ni kosa la jinai.

Maswali ya wanachama

Mwenye kampuni ya ujenzi, Mtwapa: Mwalimu, vibarua nao niwaitie kikao? Nawalipa kila jioni. Kuna mmoja niko naye mwezi wa saba.

Ndugu yangu, huyo wa miezi saba si kibarua tena, ila wewe ndiye unayemwita hivyo. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja, mkataba wake hugeuka kuwa wa mwezi. Mwite kikao kama wengine, na kabla ya hapo umwandikie mkataba.

Mama wa mkahawa, Likoni: Mpishi wangu ametoweka siku ya tisa leo, simu imezimwa. Nimwandikie nani barua wakati hayupo?

Mama, kukosa kazini bila ruhusa ni kosa kubwa kisheria, lakini mahakama itakuuliza ulimtafutaje. Mpigie, mtumie ujumbe na uuhifadhi, mpigie yule ndugu aliyemwandika kwenye fomu, tuma barua kwenye anwani yake ya mwisho ukimpa siku ya kikao. Asipokuja, kaeni bila yeye, andikeni mlivyomtafuta, ndipo muamue. Na usishangae ukisikia alikuwa amelazwa hospitali. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

Keshia wangu amepungukiwa na shilingi 6,000. Naweza kukata kwenye mshahara?

Kifungu cha 19 kinaruhusu, kama mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea na kutunza pesa, na upungufu umetokana na uzembe au kutokuwa mwaminifu. Mtandao wa pesa za simu ukikwama ukala shilingi 6,000, huo si uzembe wake. Na makato yote yakijumlishwa yasizidi theluthi mbili ya mshahara.

Msimamizi wa ghala, Changamwe: Tulimpeleka polisi, kesi ikatupwa. Sasa anadai arudi kazini.

Hizo ni njia mbili mbalimbali. Kortini kosa la jinai linatakiwa kuthibitishwa pasipo kubaki shaka yoyote ya msingi. Kazini, kifungu cha 43 kinaangalia mambo ambayo mwajiri aliamini kwa dhati kuwa yalikuwepo alipomfuta. Kwa hiyo kuachiliwa hakumrudishi kazini moja kwa moja. Lakini kama hamkumwita kikao mkitegemea polisi wawafanyie kazi, hapo mko pabaya.

Aliye kwenye miezi ya majaribio je?

Zamani tulisema hahitaji kikao. Mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba walisema kipengele kilichowanyima watu hao haki ya kusikilizwa kinapingana na Katiba. Mimi tangu siku hiyo nawaita wote.

Mwenye hoteli ndogo, Diani: Haya yote ya nini? Si nimwambie tu aandike barua ya kujiuzulu, nimpe nauli aende kwao?

Akienda mahakamani akasema alilazimishwa, barua hiyo haitakuokoa, na maswali yatakuwa yale yale: kosa lake lilikuwa nini, na ulimsikiliza lini? Ana miaka mitatu ya kukushtaki. Nauli hiyo nunulia karatasi na wino wa printa, uandike barua ya hatua ya tatu.

Na yaya wa nyumbani?

Ni mfanyakazi kama wengine. Ndiyo, hata kama kikao chenyewe kitafanyika jikoni.