Kabla ya kupanda juti, soma kwanza hesabu za India na Bangladesh

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, wako wakulima wanaouliza kama juti, zao la nyuzi za magunia na mifuko, inalipa. Mmea wenyewe si mgeni kwetu. Moja ya aina zake mbili kuu, Corchorus olitorius, ni mlenda tunaochuma kwa mboga. Ule wa nyuzi hutoka kwenye mbegu za mabua marefu na hupandwa kwa kubanana ili usitoe matawi. Kuuotesha si kazi kubwa. Kazi ni kujua soko linavyokwenda, na hilo linasomwa kwa nchi mbili zinazotoa karibu juti yote ya dunia.

Wengi wetu hutazama mavuno tu. Mavuno si ugavi. Ili kujua juti iliyobaki ndani ya nchi, chukua mavuno, jumlisha iliyoagizwa, toa iliyouzwa nje, kisha tazama akiba ya ghalani imepungua au imeongezeka. India inaongoza kwa mavuno na Bangladesh inafuata. Lakini Bangladesh ndiyo muuzaji mkubwa zaidi wa juti ghafi nje, wakati India hutumia karibu yote inayovuna na bado huagiza kwa jirani. Kwa hiyo pengo la ugavi wa ndani kati yao ni pana kuliko pengo la mavuno.

Chanzo cha hali hiyo ni mwaka 1947. Jimbo la Bengal lilipogawanywa kati ya India na Pakistan, viwanda vyote vya juti vilibaki upande wa India, kandokando ya mto Hooghly karibu na Calcutta, na mashamba mengi mazuri yakaenda Pakistan ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Septemba 1949 India ilishusha thamani ya rupia yake, Pakistan ikakataa kushusha ya kwake, na biashara ya juti ikakwama. India ikahimiza wakulima wa Bengal Magharibi, Assam na Bihar wapande juti, hata kwenye mashamba ya mpunga. Upande wa pili nao ukajenga viwanda. Kile cha Adamjee, Narayanganj, kilianza kazi mwaka 1951 na kufungwa mwaka 2002. Ukichora mstari wa ugavi wa nchi hizi bila kujua hayo, utadhani ni mvua tu iliyoupandisha na kuushusha.

Sheria nazo zinausukuma. Tangu 1987 India inalazimisha nafaka na sukari zifungwe kwenye magunia ya juti kwa viwango vinavyopangwa na serikali, na Bangladesh ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2010. Mwaka 2015 Bangladesh ilizuia juti ghafi isitoke ili viwanda vyake visikose malighafi. Mwaka 2017 India ikatoza ushuru maalumu bidhaa za juti kutoka Bangladesh. Mwaka 2020 Bangladesh ikafunga viwanda vya juti vya serikali. Kila tukio la namna hii huweza kubadilisha bei ya mkulima bila yeye kuongeza wala kupunguza hata tuta moja.

Unapolinganisha takwimu, angalia kipimo kwanza. Wenzetu hao huhesabu kwa robota la kilo 180, hivyo marobota milioni 8 ni tani milioni 1.44. Msimu wao huanza Julai na kuishia Juni. Usiuweke sambamba na takwimu za Januari hadi Desemba. Takwimu za India mara nyingi huchanganya juti na mesta, zao jingine la nyuzi, kwa hiyo hakikisha pande zote mbili zimehesabu kitu kimoja. Na usihukumu kwa mwaka mmoja. Bei nzuri ya mwaka huu huvuta wakulima wengi kupanda mwakani, na bei ikaanguka. Miaka 10 mfululizo ndiyo inayoonyesha mwendo.

Ubora nao ni sehemu ya ugavi, ingawa jedwali halikuonyeshi. Viwanda vya India huagiza nyuzi za daraja la juu kutoka Bangladesh, kwenye maji mengi ya kulowekea. Matita ya mabua hulala majini siku 10 hadi 20, yakizamishwa kwa mawe. Ukiyakandamiza kwa udongo au migomba, nyuzi hutoka nyeusi na bei hushuka. Kuanzia siku ya 10 chomoa bua moja kila siku: ganda likiachana na mti bila kung'ang'ania, toa mzigo wote. Ukichelewa, nyuzi zinalegea na kukatika. Kwa mbegu mambo yamegeuka: Bangladesh hutegemea sana mbegu kutoka India.

Kwa kikundi chetu, ushauri wangu ni kuanza na hesabu ya hapa nyumbani: magunia ya juti ya korosho na kahawa yanayoagizwa kila msimu ni mangapi, na ni kiwanda gani kilicho karibu chenye mashine ya kusokota juti. Kisha pima maji. Bwawa linalokauka mabua yakiwa yamelowekwa ni hasara ya msimu mzima, na maji ya kulowekea hunuka, hayafai kuelekezwa kisimani. Mpaka apatikane mnunuzi wa kuandika mkataba wenye daraja, bei na tarehe ya kupokea mzigo, eneo hilo pandeni mlenda wa mboga.